Mtoto Aliyefikiwa na Unga au Pombe Tumboni: Mwongozo Kamili kwa Maafisa Ustawi wa Jamii wa Tanga

Mama alitumia unga (heroini) au pombe akiwa mjamzito. Jalada la mtoto linafunguliwa, ziara ya kwanza inafanyika, ripoti inaandikwa vizuri. Ziara ya pili mama hayupo. Jirani mmoja anasema kahamia Pangani, mwingine anasema kavuka mpaka wa Horohoro. Mtoto wa wiki tatu kaondoka naye, na hakuna ajuaye kama amechanjwa, kama ananyonya, kama bado analia usiku kucha.

Hili linajirudia mno katika kata zetu, na mara nyingi chanzo chake ni ziara ya kwanza. Mama akikukimbia, mtoto naye umempoteza. Kwa hiyo kila hatua hapa chini imepangwa ili mama, bibi au mlezi mwingine aendelee kukufungulia mlango, mwaka wa kwanza, wa tatu, hata wa nane. Mtoto huyu anahitaji mtu wa kumfuata kwa muda mrefu kuliko majalada yetu mengi yanavyodumu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka ofisini

- Jalada lenye namba tu juu yake, bila jina, linalofungiwa kabatini kwa ufunguo.
- Namba za simu zilizohakikiwa wiki hiyo: muuguzi wa wodi ya wazazi katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, kliniki ya methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini), kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu na nyumba hiyo, Dawati la Jinsia na Watoto, na 116, namba ya simu ya bure ya kumsaidia mtoto.
- Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa huo, aliyekubali kwenda nawe.
- Kalenda ya ukutani na kalamu ya rangi, vya kumwachia mlezi.
- Khanga mbili laini, safi.
- Mpango wa nauli. Methadoni kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mama wa Pongwe au Tongoni asiye na nauli ya kwenda na kurudi ataacha dawa ndani ya wiki, hata awe na nia gani. Ulizia mapema halmashauri, TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), msikiti, kanisa au ndugu nani atabeba sehemu gani ya nauli hiyo.

Kadi za kliniki za mama na mtoto utazisoma nyumbani kwao na kuzirudisha mkononi mwa mama. Usiondoke nazo, hata kwa nia ya kutoa nakala. Kadi ikipotea, mama anapata sababu ya kutokwenda kliniki.

## Hatua ya 1: Jua kinachotumika mtaani na kinachomfanya mtoto

Unga, yaani heroini, unavutwa au kudungwa, na wengine wanauchanganya na bangi na kuuita kokteli. Mtoto aliye tumboni huizoea heroini kama mama yake alivyoizoea, na akizaliwa inakatika ghafla. Hapo anapata arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea.

Pombe ni jambo jingine. Iwe mnazi, gongo au bia, inapita kondo la nyuma na kuugusa ubongo unaojengeka, na hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama wakati wa ujauzito. Sigara na ugoro hupunguza uzito wa mtoto, na sigara huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Bangi na mirungi navyo vimehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Vidonge vya usingizi vinaweza kumletea mtoto mchanga arosto yake.

Nisisitize jambo ambalo wengi wetu tunalikosea. Mtoto wa unga anapiga kelele wiki ya kwanza, kila mtu anamwona, na akitunzwa vizuri anaweza kukua vizuri. Mtoto wa pombe anaweza kuzaliwa kimya, ananyonya, analala, hakuna anayemfungulia jalada. Tatizo lake linaonekana darasa la pili, na wakati huo anaitwa mkaidi. Ukiogopa unga peke yake, utawakosa watoto wengi wa pombe.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema, bila kukisia, ni vitu gani vinauzwa na kutumiwa na wanawake wa kata yako na vinaitwaje hapo.

## Hatua ya 2: Ingia nyumbani bila kumtisha mama

Usiende na polisi. Usiende na mtendaji wa mtaa siku ya kwanza. Usiegeshe gari la halmashauri mlangoni. Katika nyumba za Ngamiani zenye vyumba vingi na uwanja mmoja, wapangaji wote watajua habari kabla hujakaa kwenye mkeka. Nenda kwa miguu na mhudumu wa afya, anayezoeleka kupita nyumba kwa nyumba kwa habari za chanjo na vyandarua.

Piga hodi, subiri ukaribishwe. Mpe bibi wa nyumba shikamoo kabla ya kumtafuta mama mtoto. Kisha anza na mtoto: ananyonya? analala saa ngapi? kinyesi chake kikoje? Baadaye uliza afya ya mama mwenyewe, maumivu yake, chakula alichopata jana. Habari za dawa zije mwisho, mkiwa wawili tu.

Swali la kuuliza ni hili: "Dada, kabla hujajua kama una mimba, ulikuwa unatumia nini?"

Swali hilo linafunguka kwa sababu halimshtaki. Wakati ule hakuwa anajua. Akijibu, "Mnazi kidogo," usiandike "kidogo." Endelea naye taratibu:

"Kidogo, glasi moja?"

"Mbili, tatu. Siku nyingine chupa."

"Kila siku, au mwisho wa wiki?"

"Kila jioni. Nilikuwa nauza, basi na mimi nakunywa."

"Na ulipojua una mimba?"

"Nilipunguza. Mwezi wa tano nikaacha."

Sasa una kitu cha kuandika: glasi mbili hadi tatu za mnazi, siku nyingine chupa nzima, kila jioni, mpaka mwezi wa tano wa mimba. Kwa unga, uliza kete (vipakiti) ngapi kwa siku, kuvuta au kudunga, na mara ya mwisho lini. Maelezo haya mtoto atayahitaji akiwa na miaka 8, mama akiwa pengine hayupo tena kuyasema. Daktari hana kipimo cha damu cha kumwonyesha alichokunywa mama miaka minane iliyopita. Jalada lako ndilo litakaloongea.

Mwambie ukweli kuhusu usiri: "Sikuja kukukamata, na jirani hatajua kwangu. Nikiona mtoto yuko hatarini nitakwambia wewe kwanza, kisha tutatafuta msaada." Usimwahidi kuwa hutamwambia mtu yeyote kamwe. Siku utakapolazimika kusema, atakuona mwongo.

Onyo: maneno "mtoto wa teja" yasitoke kinywani mwako wala yasiandikwe popote. Yakishatajwa mtaani, yatamfuata mtoto mpaka shuleni.

Utajua umefanikiwa mama akikuuliza mwenyewe, "Utarudi lini?"

## Hatua ya 3: Kama mama bado ni mjamzito, usimwambie aache leo

Huu ni ushauri unaotolewa kwa nia njema na unaodhuru. Mjamzito aliyezoea heroini akikatisha ghafla, mimba inaweza kuharibika au uchungu ukaja kabla ya wakati. Na wengi wanaokatisha wenyewe hurudia, safari hii kwa siri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, linapendekeza mjamzito wa aina hii apewe tiba endelevu ya methadoni au buprenofini, asilazimishwe kukata. Mpeleke Bombo, uingie naye, usimpe karatasi ya rufaa na kumwacha getini.

Kwa mama anayekunywa pombe nyingi kila siku, kuacha ghafla nyumbani kunaweza kumletea degedege na kuchanganyikiwa. Naye aachishwe hospitalini, chini ya daktari. Mama anayekunywa mara moja moja mwambie aache kabisa, kuanzia sasa. Hata akiwa mwezi wa saba, kuacha kuna faida, maana ubongo wa mtoto unaendelea kujengeka mpaka siku ya kuzaliwa na baada yake.

Kuna jambo la methadoni linalowachanganya maafisa. Miezi ya mwisho ya ujauzito damu ya mama imeongezeka, na mwili wake unaisafisha dawa haraka zaidi, hivyo dozi ya zamani inaweza isimtoshe. Akianza kutetemeka na kutoka jasho jioni, asishutumiwe kuwa amerudia unga. Arudi kliniki dozi iangaliwe.

Pangeni uzazi pamoja: atajifungulia hospitali, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto wakubwa. Mwambie mapema kuwa mtoto anaweza kupata arosto hata kama mama amenywa methadoni yake vizuri kila siku, na kwamba inatibika. Mama asiyeambiwa hili, mtoto akianza kulia siku ya pili, anatoroka wodini kwa aibu.

## Hatua ya 4: Siku saba za kwanza

Hapa ndipo panapohitaji macho yako zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

### Dalili na saa zake

Kwa heroini, dalili mara nyingi huanza ndani ya siku 1 hadi 2. Kwa methadoni huanza siku ya 2 au ya 3, na mara nyingine huchelewa hadi siku ya 5 au zaidi. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa asubuhi na kuruhusiwa jioni anaonekana mzima, kisha anaharibika nyumbani. Zungumza na muuguzi kabla: mama na mtoto wabaki wodini walau siku 3 kama ni heroini, na siku 5 hadi 7 kama ni methadoni.

Utaona kilio cha sauti kali, nyembamba, kisichotulia kwa ziwa. Mikono inatetemeka, hata akiwa amelala. Mwili umekakamaa. Anapiga chafya nyingi, anapiga miayo, anatoka jasho. Ananyonya kwa pupa lakini hashibi, anatapika, anaharisha mpaka makalio yanachubuka. Anajisugua magoti na kidevu kwenye shuka mpaka ngozi inakuwa nyekundu.

Nyumbani watasema ni mchango. Au degedege, na mganga ataitwa. Usibishane na bibi kuhusu mganga mbele ya watu. Sema: "Bibi, dua haikatazwi. Ila mtoto huyu asipewe kitu chochote mdomoni zaidi ya maziwa ya mama yake, na tumpeleke hospitali sasa hivi." Dawa za mitishamba za mchango, maji ya sukari, kahawa, vyote hapana. Na mtu yeyote asithubutu kumtuliza mtoto kwa kumpulizia moshi au kumlambisha unga. Kiasi kidogo tu kinaweza kumkata pumzi.

### Jinsi ya kumtuliza

Watoto wengi hutulia kwa matunzo peke yake, na mtunzaji bora ni mama. Mfundishe hivi, naye arudie mbele yako:

1. Chagua pembe ya chumba isiyo na mwanga mkali. Zima redio, funga mlango wa upande wa uani.
2. Mfunge mtoto kwa khanga laini, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, miguu ikiweza kujikunja. Asikazwe kiunoni.
3. Au mweke kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi, khanga ikiwazunguka wote wawili.
4. Mpe ziwa kidogo kidogo, kila baada ya saa 2, hata kabla hajalia.
5. Mpembeze polepole, juu na chini, kwa mwendo mmoja. Fanya jambo moja kwa wakati. Ukimwimbia, usimpigepige mgongoni wakati huohuo. Mtoto huyu akipata mambo mawili pamoja anazidiwa.
6. Akigeuza uso, akipiga miayo au chafya mfululizo, amechoka. Muache apumzike.

Kama hayo hayatoshi, hanyonyi, uzito unashuka au hapati usingizi, daktari anaweza kumwanzishia dawa, kama vile mofini au finobabitoni, na kuipunguza siku hadi siku. Hiyo ni kazi ya wodi. Kazi yako ni kuhakikisha mama hatengwi na mtoto wake na kwamba hazungumziwi vibaya kitandani. Ukisikia maneno ya kejeli wodini, mvute muuguzi wa zamu pembeni na umwambie kwa upole, siku hiyohiyo.

### Kunyonyesha

Mama aliyetulia kwenye methadoni anyonyeshe. Maziwa yana kiasi kidogo sana cha dawa, na kunyonya kunapunguza ukali wa arosto. Asiachishe ghafla. Mama mwenye VVU anayemeza ARV zake vizuri naye anyonyeshe, mtoto apewe dawa yake ya kinga na kipimo cha wiki ya 4 hadi 6. Mama anayeendelea kutumia unga wa mtaani, uamuzi ni wa daktari na mama, usiutoe wewe barazani. Anayekunywa pombe, kama hawezi kuacha, anyonyeshe kwanza ndipo anywe, na asubiri walau saa 2 kwa kila kinywaji kabla ya kunyonyesha tena.

### Pale pa kukimbia hospitali

Mtoto akipata degedege, akilegea, akikataa ziwa kabisa, akiwa na homa au mwili wa baridi, macho yakiwa ya manjano, au akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, usiseme "ni arosto tu." Maambukizi kwenye damu kwa mtoto mchanga hufanana sana na arosto, nayo huua haraka. Mkodie bajaji na uende naye.

Utajua umefanikiwa mtoto akinyonya hadi ashibe, akilala walau saa moja bila kushtuka, na akitulia ndani ya dakika kumi akibebwa. Uzito uliopungua siku za mwanzo uanze kurudi, na kwa kawaida ufikie ule wa kuzaliwa kufikia wiki ya 2.

## Hatua ya 5: Amua kama nyumba ni salama

Kutumia dawa peke yake hakumfanyi mzazi astahili kunyang'anywa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na kumtenganisha nao ni jambo la mahakama, kwa kuangalia maslahi bora ya mtoto. Ninalisema hili kwa uzito, maana kuna maafisa wanaomtishia mama kwa maneno ya "tutamchukua" ili atii. Hatii. Anahama.

Jiulize maswali haya na uyajibu kwa ulichokiona, si kwa ulichosikia:

- Usiku, nani mzima wa akili yuko na mtoto?
- Mtoto analala wapi? Mtu aliyelewa au aliyetumia unga asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga. Anaweza kumlalia asijue.
- Sindano, kete, viberiti na vidonge viko wapi? Mama akipewa dozi ya methadoni ya kubeba nyumbani, ifungiwe mahali pa juu. Dozi ya mtu mzima inaweza kumuua mtoto.
- Kuna mtu anayempiga mama? Vipigo huenda pamoja na ulevi, na mama anayepigwa hatakaa kwenye tiba.
- Chakula cha leo kimetoka wapi?

Jibu moja likiwa baya, anza kwa kuongeza mtu, kabla ya kufikiria kumtoa mtoto. Bibi mzaa mama, shangazi, mama mdogo, jirani anayeaminika: mmoja wao alale hapo, au mama na mtoto wahamie kwake. Wakikosekana, kuna familia za kuaminika zilizosajiliwa na ustawi wa jamii. Makao ya watoto yawe mwisho kabisa. Na popote atakapokwenda, panga siku za mama kumwona, ziandikwe.

Hatari ya papo kwa papo, kama kipigo, mtoto kuachwa peke yake au mtoto asiyeamka vizuri, haina kikao. Hospitali kwanza, kisha Dawati la Jinsia na Watoto.

## Hatua ya 6: Mfuate kwa kalenda ya chanjo

Ukija nyumbani bila sababu inayojulikana, majirani watatafuta sababu yao. Ukija kwa chanjo, uko kama wengine. Basi ziara zako zifuate kalenda ya kila mtoto wa Tanzania: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9, miezi 18. Baada ya hapo, kila miezi sita hadi aingie shule.

Kila ziara tazama mambo machache, uandike. Uzito na urefu kwenye kadi. Macho: makengeza huonekana zaidi kwa watoto waliofikiwa na heroini au methadoni, na yakiwahiwa yanarekebishika. Masikio: piga makofi nyuma yake, ona kama anageuka. Miezi 9, anakaa bila kushikwa? Miezi 18, anatembea? Miaka 2, anaunganisha maneno mawili? Akichelewa, rufaa kwa daktari wa watoto, na wakati mnasubiri tarehe, mfundishe mlezi kucheza naye chini kwenye mkeka, kumtajia vitu, kumsubiri ajibu.

Usipachike kila kitu kwenye dawa za tumboni. Njaa, malaria kali, uchungu uliochelewa, kutelekezwa, vyote huchelewesha ukuaji. Andika ulichokiona.

## Hatua ya 7: Shule na chuo (madrasa)

Mtoto wa miaka 8 anatumwa dukani na bibi yake, noti ya shilingi elfu moja mkononi: "Lete chumvi, kiberiti, na ukipita kwa mama mdogo mwambie aje, kisha rudi na chenji." Anarudi baada ya saa nzima. Ana kiberiti. Chumvi hana, chenji hana, kwa mama mdogo hakufika. Akiulizwa chenji iko wapi, anasema kampa mtu mwenye baiskeli. Hakukuwa na mtu mwenye baiskeli. Fimbo inatafutwa.

Mtoto aliyeguswa na pombe tumboni hupata shida hapohapo: kushika maelekezo mengi kwa pamoja, kuona kwamba hili litaleta lile, kukumbuka leo alichojua jana. Kumbukumbu ikiwa na pengo, anajaza kwa chochote kinachomjia, na yeye mwenyewe anaweza kukiamini. Kumpiga hakujazi pengo hilo. Kunamwongezea woga, na mtoto mwenye woga husahau zaidi.

Kaa na bibi, mwalimu na ustadhi wake wa madrasa, ikiwezekana siku moja, mkubaliane haya:

1. Agizo moja kwa wakati, kwa maneno machache. "Lete chumvi." Akirudi, ndipo kiberiti. Mwambie arudie kwa sauti kabla hajaondoka.
2. Siku ifanane na siku. Tumia kalenda uliyowaachia: jua kwa asubuhi, kitabu kwa shule, msahafu kwa chuo, mwezi kwa kulala. Amchore mwenyewe bibi yake akipika.
3. Mbele darasani, mbali na dirisha. Kelele za barabarani zinamvuta.
4. Kazi fupi, kisha mapumziko. Dakika kumi za kuandika, halafu atumwe kufuta ubao.
5. Adhabu iwe palepale na ndogo. Kumnyima mchezo Jumamosi kwa kosa la Jumatatu hakumfundishi kitu, hawezi kuunganisha.
6. Msifu kwa jambo lenyewe: "Umekaa mpaka umemaliza mstari."

Usimwambie mwalimu historia ya mama. Inatosha kusema: "Mtoto huyu ubongo wake unapokea jambo moja moja. Naomba tusaidiane hivi." Ukimwambia zaidi, chumba cha walimu kizima kitajua kabla ya saa nne.

Kuna watoto wenye alama usoni: macho mafupi kwa upana, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji ulio kati ya pua na mdomo ukiwa bapa. Wengi walioathirika na pombe hawana alama yoyote. Kwa hiyo usimpime mtoto kwa sura, na usiandike jina la ugonjwa. Andika "alifikiwa na pombe tumboni, kwa maelezo ya mama," weka kiasi na miezi, na umpe rufaa.

Onyo kuhusu umri wa miaka 10 na kuendelea: mtoto huyu anapenda kupendwa na huamini haraka. Wauzaji wanajua. Humpa chipsi na mia tano, kisha humbebesha kifurushi hadi kona ya pili. Akikamatwa, hawezi hata kueleza vizuri nani alimtuma. Mlezi ajue anarudi shuleni na nani na anapita njia ipi, na awe na kazi ya kila jioni anayoiweza: kulisha kuku, kuteka maji, kusaidia kupanga nyanya gengeni.

Utajua umefanikiwa mwalimu akiacha kusema "hataki" na kuanza kusema "bado hajashika."

## Hatua ya 8: Mlezi naye ana mwili

Mara nyingi ni bibi wa miaka zaidi ya sitini, mwenye presha, anayelea mjukuu asiyelala huku bintiye akiingia na kutoka. Akianguka yeye, mpango wote umekwisha. Muulize anameza dawa zake? Nani humpokea mtoto Jumapili ili apumzike? Mwombee kwenye TASAF kama anastahili, na bima ya afya kama inawezekana. Muunganishe na bibi mwingine mwenye mzigo huohuo kwa idhini ya wote wawili. Wataelewana kwa lugha ambayo mimi na wewe hatuna.

Mama akirudia kutumia, usifunge jalada. Kurudia ni jambo la kawaida kwenye ugonjwa huu. Rudia hatua ya 5, angalia usalama upya, mpeleke tena kliniki.

## Hatua ya 9: Unapohamishwa kituo

Maafisa wanahamishwa, watoto wanabaki. Wiki mbili kabla hujaondoka, nenda na anayekurithi mpaka nyumbani, umtambulishe kwa mlezi kwa mdomo wako. Kisha acha ukurasa mmoja mbele ya jalada wenye mambo haya:

- Mama alitumia nini, kiasi gani, miezi ipi ya mimba, na nani alisema.
- Siku za arosto, matibabu aliyopewa, uzito wa kuzaliwa.
- Kipimo cha VVU cha mtoto na majibu yake, chanjo zilizobaki.
- Nani analala na mtoto usiku, kwa sasa.
- Mwalimu anayeelewa, na ustadhi anayeelewa.
- Kinachomtuliza mtoto huyu, kwa maneno ya bibi yake.
- Tarehe ya ziara ijayo, ambayo mlezi ameshaiandika kwenye kalenda yake ukutani.